Rula Niliyoiacha kwenye Kompyuta ya Dar es Salaam

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hadubini. Niliosha slaidi. Mkuu wa Maabara wa hospitali ile ya misheni pale Njombe, mzee mrefu wa Kibena aliyevaa sweta mbili chini ya koti jeupe, alinipa beseni, kipande cha sabuni na kitambaa laini, akasema, "Cheti chako nimekiona, binti. Sasa nionyeshe mikono." Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Njombe ya mwezi wa sita haina huruma na mtu. Nilitoka chuoni nikijiona msomi, na sasa vidole vimekufa ganzi na machozi yananilenga. Saa saba mchana mzee alirudi, akainua slaidi moja kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku. "Hii ina alama ya kidole chako," akasema. "Rudia zote."

Slaidi, kwa ninyi ambao hamjawahi kuishika, ni kipande cha kioo chembamba ambacho juu yake tunapaka damu, makohozi, usaha au chochote daktari anachotaka kukijua. Kinapakwa rangi, kinakaushwa, kisha kinawekwa chini ya hadubini ili kionekane kikubwa. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha na kunisomeshea watoto. Mengine yote niliyofanya yalikuwa kuandika daftari na kubishana na madaktari.

Siku ya pili ndipo nilipokalishwa mbele ya hadubini. Ndani ya lenzi ya kuchungulia palitakiwa kuwe na rula ndogo ya kioo ya kupimia ukubwa wa vitu, lakini ilikuwa imepasuka kabla sijafika, na nyingine haikuletwa. Nilimwuliza mzee tunapimaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yako wapi naye amesimama mtoni.

"Rula unayo," akasema. "Mungu ameiweka kwenye kila tone la damu. Chembe nyekundu ni mikroni saba. Ya Mbena ni saba, ya Mkinga ni saba, ya Mzungu ni saba au inazungukazunguka hapo hapo. Ukikuta kitu usichokijua, mtafute mwekundu aliye jirani yake ulinganishe. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Mikroni ni nini?"

"Milimita moja ukiigawa mara elfu."

"Haya. Angalau chuo hakikula ada bure."

Niliishi na rula hiyo miaka yote. Nilikwenda nayo Makambako, kwenye kituo cha afya, nilikopangiwa baadaye. Nilikwenda nayo upande wa Ludewa, kwenye zahanati iliyo njia ya kwenda Mchuchuma, ambako watu walikuwa wakisubiri mgodi wa makaa ya mawe na huku wakipanda mahindi, na mpaka naondoka walikuwa bado wanasubiri na mahindi yanaota. Huko hadubini yangu ilitumia kioo cha kuakisi mwanga wa jua badala ya taa. Mvua ikikaza, ugonjwa haupimwi. Waganga wakuu wa huko walikuwa wawili kwa nyakati tofauti, mmoja mkali na mmoja mlevi, na nitasema kwa haki kwamba yule mlevi ndiye aliyesoma majibu yangu kwa makini zaidi.

Niliporudishwa Njombe, mzee alikuwa amestaafu na mimi nikawekwa kaimu Mkuu wa Maabara. Kaimu, kwa wasiojua lugha ya ofisini, ni mtu anayefanya kazi yote ya mkubwa huku kiti kikiwa si chake. Zile zilikuwa zama zilizokuja baada ya ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Vitu vya maabara ambavyo zamani vilitoka bohari ya serikali au kwa meli ya wafadhili, sasa unavikuta dukani, kimoja kizuri na kingine kimepitwa na muda lakini boksi lake linang'aa. Makambako palibadilika kuliko kwetu. Penye njia panda pale, malori ya kwenda Zambia na ya kwenda Songea yanapokutana, kila mwenye chumba cha mbele alifungua biashara.

Mmoja wao alikuwa Bwana Salum. Alikuja kutoka Kondoa akiwa na spea za malori, akaoa hapo, akajenga hapo. Nusu ya duka lake ilibaki na fani belti, pleti za klachi na harufu ya grisi, na nusu nyingine akaweka kompyuta nne na laini ya simu, akaandika kwa rangi ya kijani: INTANETI. Ndiko nilikofanyia nusu ya kazi yangu ya miaka ile, katikati ya mabeki tatu, wale wasichana wa kazi za nyumbani, wanaotafuta wachumba na madereva wanaouliza kama breki shuu za Fuso zimefika.

Nieleze ilivyokuwa, maana vijana wa leo mnadhani vitu hivi vilianza na simu zenu.

Wafadhili walitupa kamera ya kufunga juu ya hadubini na kompyuta moja ndogo. Ile ndogo iliweza kuhifadhi picha na si zaidi. Programu ya kuzichambua picha, yaani ile inayohesabu seli, inayopima urefu na unene, ilikuwa nzito mno. Iliishi kwenye kompyuta kubwa ya taasisi moja Dar es Salaam. Nilipiga picha Njombe, nikazitia kwenye sidii, nikapanda Kosta hadi Makambako, nikakaa kwa Bwana Salum, na kwa njia ya simu nikaingia kwenye ile kompyuta kubwa kama vile niko mbele yake. Ukibonyeza Makambako, kazi inafanyika Dar. Skrini ya kwako inakuonyesha tu. Nilipowaeleza kina mama wa wodini, mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo mkono wako siku hizi unafika Dar na chakula cha mchana unakula hapa?" Walicheka wiki nzima.

Kompyuta ile hatukuwa nayo peke yetu. Tulishirikiana na hospitali nyingine iliyoko upande wa ziwa, ambako fundi wa maabara aliitwa Bwana Yona. Sikuwahi kumwona uso. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zilikuwa zake, kuanzia saa nne hadi saa saba. Jumanne na Alhamisi zilikuwa zangu, saa hizo hizo. Sote tuliingia kwa jina moja na paswedi moja, na mashine haikujua kwamba sisi ni watu wawili. Mambo mawili yalitokana na hilo. La kwanza, mmoja akiingia wakati mwenziwe yumo, aliyemo anatupwa nje na kazi yake inapotea. La pili, namna mmoja alivyoipanga mashine ndivyo mwenziwe atakavyoikuta.

Katika mipangilio hiyo kubwa lilikuwa kipimo. Picha yenyewe haijui ukubwa wake. Lazima uiambie mashine kwamba picha hii imepigwa kwa lenzi ya kumi, au ya arobaini, ndipo ijue kila kidoa ni mikroni ngapi. Ukiiambia kumi wakati picha ni ya arobaini, kila kitu kitasomeka kikubwa mara nne. Kwa vile kazi nyingi tulifanya kwa arobaini, tulikubaliana kwa barua, na mimi nikabandika karatasi kwa Bwana Salum juu ya skrini: UKIMALIZA, RUDISHA AROBAINI. Hatukuandika kwamba ukianza, angalia. Kuangalia kungekuwa kama kunusa sufuria aliyokurudishia jirani mbele ya macho yake.

Sasa niwalete kwa Bwana Mlowe.

Alikuwa mpasua mbao wa Matembwe. Kule upasuaji ulikuwa wa msumeno wa watu wawili: gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu ya gogo na mwenziwe anaingia chini, wanavuta kwa zamu. Mlowe alikuwa mtu wa juu. Mtu wa juu anaishi kwa nyayo zake, anatembea kinyumenyume juu ya gogo linaloteleza huku akifuata mstari wa kamba. Alichomwa na kijiti mguu wa kulia, akakipuuza, na baada ya miaka kadhaa mguu ukavimba, ukatoboka matundu, matundu yakatoa usaha wenye punje ndogo kama chembe za ulezi. Aliletwa na mkewe. Alikuwa hazungumzi sana. Nilipomsalimu "Kamwene," akaitikia, kisha akautazama mguu wake, akauliza neno moja tu: "Utabaki?"

Hakuna swali la maabara lililo jepesi kuuliza kuliko hilo. Uvimbe wa namna ile una wazazi wawili. Ukizisaga zile punje na kuzitazama kwa hadubini, unakuta nyuzi. Nyuzi zikiwa nyembamba, chini ya mikroni moja, hao ni bakteria, na dawa itawaua, ingawa itachukua miezi. Zikiwa nene, mikroni mbili, tatu, nne, hiyo ni kuvu, na kwa mguu uliofikia pale, na dawa tulizokuwa nazo siku zile, ilikuwa ni kukata chini ya goti. Rangi ambayo ingetusaidia kutofautisha ilikuwa mojawapo ya zile zilizopitwa na muda ndani ya boksi linalong'aa. Ulibaki unene tu. Mguu wa mtu ulining'inia kwenye unene wa uzi.

Jumanne nilikwenda Makambako na picha za punje nzima. Punje ni kubwa, kwa hiyo nilizipiga kwa lenzi ya kumi, na mashine nikaiweka kumi. Nilipima, nikaandika. Nilipotaka kurudisha arobaini, laini ikakatika. Bwana Salum akasema, "Subiri, Mama Neema, nakuunganisha tena." Nje Kosta ya Njombe ilikuwa inapiga honi, kondakta ananiita kwa jina. Nikamwambia Salum nitairudisha Alhamisi. Nikapanda gari. Mpaka Alhamisi nilikuwa nimesahau kabisa.

Alhamisi nilikuja na picha za nyuzi, hizi za lenzi ya arobaini. Nikaingia, nikaziweka, nikapima. Karatasi juu ya skrini ilisema arobaini na mimi nikaiamini karatasi niliyoiandika mwenyewe. Mashine ikatoa jibu: mikroni tatu nukta mbili. Nilituma picha na namba kwa daktari bingwa wa Dar ambaye alikuwa akisubiri, na majibu yake yakafika kabla sijaondoka. Kuvu. Akashauri kukata.

Mganga Mfawidhi wetu, ambaye ndiye mkubwa wa hospitali, alikuwa kijana mwerevu, mchapakazi, na aliipenda mno mashine ile. Juma lile alikuwepo daktari mgeni wa upasuaji ambaye angeondoka Jumamosi. Akapanga Mlowe akatwe Ijumaa saa nane mchana. Mkewe akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa.

Ijumaa asubuhi, kama ilivyo desturi kabla ya upasuaji wowote mkubwa, nilikwenda wodini kuchukua damu ya mgonjwa ili niilinganishe na ya wachangiaji. Mlowe alikuwa amekaa kitandani, mguu mzima umevaa soksi na kiatu, ule mgonjwa umefungwa bendeji. Nikamfunga mpira mkononi. Akasema, "Mama, mimi niko juu ya gogo tangu sijaoa. Huko chini ya shimo sijui hata kunakuwaje." Nilitoa damu nikaondoka.

Nikaitazama damu yake chini ya hadubini. Chembe nyekundu zimejaa tele, za mviringo, saba saba. Nikamkumbuka mzee wa sweta mbili. Nikaenda kabatini nikatoa ile slaidi ya punje, ambayo kama usaha wowote ina damu damu ndani yake, nikatafuta uzi wenye chembe nyekundu jirani. Nikaupata. Kama uzi ungekuwa mikroni tatu, chembe moja ingetosha kulaza nyuzi mbili tu kifuani mwake. Mimi niliona zinalala nane, hata tisa.

Nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi karibu nakimbia.

"Daktari, nyuzi za Mlowe ni nyembamba."

"Mashine imesema tatu nukta mbili, Mama Neema. Wewe mwenyewe ndiye uliyeleta."

"Nimeleta, lakini macho yangu hayakubali."

"Macho?" Hakusema kwa dharau, niseme ukweli. Alikuwa amechoka. "Siwezi kumwambia daktari mgeni kwamba tumeahirisha kwa sababu ya macho. Niletee namba."

"Nikiileta kabla ya saa nane?"

"Niletee namba," akarudia.

Weee, kama mliwahi kuisubiri Kosta ijae abiria wakati roho yako iko mkononi, mtanielewa. Nilifika Makambako saa sita na nusu. Bwana Salum alikuwa amevaa kanzu na kofia, ameshika kufuli. Ijumaa dukani kwake hapakuwa na mjadala, hata dereva mwenye lori limezima barabarani angesubiri swala iishe.

"Bwana Salum, nisaidie. Kuna mtu anakatwa mguu."

Hakuuliza mguu wa nani. Alirudi ndani, akapiga namba za laini mwenyewe, akasubiri mpaka ile milio ikaisha. Kisha akachomoa simu yake ya mkononi kiunoni, akaiweka mezani. "Huko msikitini siendi nayo. Itumie. Mlango nakurudishia nusu." Akaondoka zake kwa mwendo wa haraka.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya Bwana Yona, na saa zake zilikuwa hazijaisha. Katika ushirika wote ule hakuna aliyewahi kuingia kwenye saa za mwenziwe. Nililelewa kwenye familia ya Kilutheri ambako hata mlango ukiwa wazi unasimama nje unabisha hodi mpaka uitikiwe. Niliutazama mshale wa saa, nikaandika jina, nikaandika paswedi, nikabonyeza. Kule ziwani mtu alitupwa nje ya kazi yake.

Niliweka picha ile ile ya jana. Safari hii nilianza na chembe nyekundu. Mashine ikasoma: saba. Nikapima uzi: nukta nane. Nikapima mwingine: nukta nane. Wa tatu: nukta saba. Nilifurahi kwa nusu dakika, halafu furaha ikanitoka. Mashine ile ile, picha ile ile, jana tatu nukta mbili, leo nukta nane. Daktari ataniuliza ipi ni ya kweli, nami sina la kumjibu. Kipimo kilisomeka arobaini, kama inavyotakiwa. Nilikaa nakodolea macho skrini na saa saba inakaribia.

Ndipo simu ya Salum ilipolia. Namba yake tuliibandika pande zote mbili, kwa dharura.

"Nani huyo Makambako?" Sauti ilikuwa ya mtu anayejizuia. "Nimetupwa nje. Nilikuwa nahesabu tangu saa nne!"

"Ni mimi, Bwana Yona. Nisamehe sana. Mgonjwa wangu anaingia kukatwa mguu saa nane, na jana mashine ilinipa namba ya uongo, sijui kwa nini."

Hasira ilimtoka, nikaisikia ikitoka. "Jana ulipima kwa ngapi?"

"Arobaini. Si ndiyo makubaliano?"

"Mbona Jumatano mimi nilikuta kumi?"

"Ulikuta kumi?"

"Kumi. Nikaweka arobaini yangu, nikafanya kazi zangu. Nilipomaliza nikairudisha kumi kama nilivyoikuta. Nikasema huenda mwenyewe ana kazi nayo, kwa nini nimvurugie? Leo pia nimekuta kumi, na ningemaliza ningeirudisha kumi. Sasa mama, hiyo kumi mwenyewe ni nani?"

Niliiona ile Kosta ya Jumanne. Niliisikia honi yake.

"Mwenye kumi ni mimi," nikasema.

Bwana Yona alikuwa mtu mwema. Alisema tu, "Basi piga simu hospitalini, mama. Mimi nitahesabu upya."

Nilipiga. Simu ya hospitali ilikuwa ofisini kwa Katibu, naye alikwenda kumtafuta Mganga Mfawidhi akaniacha nasikiliza kiti kinavyolia na kuku anavyotembea dirishani. Saa saba na nusu ikapita. Daktari alipokuja alikuwa anahema.

"Mgonjwa ameshaingizwa, Mama Neema. Sema."

"Nukta nane, Daktari. Ni bakteria. Usimkate."

"Jana tatu nukta mbili, leo nukta nane. Niamini ipi?"

Hapa nitawaambia ukweli. Ningeweza kusema mashine ilikuwa mbovu. Ingekubalika, maana kila mtu alikuwa tayari kuamini kwamba vitu vya umeme vina wazimu wake. Na barua yangu ya kuthibitishwa kuwa Mkuu wa Maabara ilikuwa mezani kwake ikisubiri sahihi. Lakini mashine ikiwa mbovu, nukta nane nayo ni ya mashine mbovu, na mguu unakwenda.

"Jana nilipima kwa rula isiyo yake," nikasema. "Niliiacha mimi mwenyewe Jumanne, nikakimbilia gari. Mashine haina kosa. Leo chembe nyekundu imesoma saba. Jana ingesoma ishirini na nane, kama ningekumbuka kuipima. Kosa ni langu peke yangu."

Nilisikia mlango ukifunguliwa, mtu akimwuliza kitu, naye akisema, "Mfungueni. Mrudisheni wodini." Kisha akanirudia: "Njoo na karatasi." Akakata simu.

Bwana Salum aliporudi kutoka msikitini alinikuta nimelalia kibodi ninalia kama mtoto. Alinichemshia chai ya tangawizi kwenye jiko la nyuma, akaiweka karibu na boksi la pleti za klachi, akaenda kumhudumia dereva.

Mlowe alitibiwa kwa sindano na vidonge kwa miezi mingi. Matundu yaliziba moja moja. Mimi nilipewa barua ya onyo, ikaingia kwenye faili, na ile ya kuthibitishwa ikarudi kabatini. Nilibaki kaimu miaka mingine mingi. Mganga Mfawidhi hakunichukia. Tangu siku ile kila nilipompelekea jibu la picha aliuliza kwanza, "Mwekundu amesoma ngapi?" Na mimi na Bwana Yona tuliandika karatasi mpya, sentensi moja tu: UKIANZA, PIMA CHEMBE NYEKUNDU, ANDIKA DAFTARINI. Hakuna aliyeona ni kumkosea mwenziwe adabu.

Nimestaafu sasa. Kompyuta ile ya Dar nasikia ilizimwa zamani. Juzi juzi nilikwenda Igwachanya kwa mambo ya mafao, nikapita maabara ya huko kusalimia, nikakuta mashine ndogo isiyozidi redio inafanya peke yake yale yote tuliyokuwa tukifungia safari. Nimefurahi kwa ajili yenu. Ila mtu akiniambia "mashine imesema" bado nakasirika, na msinitazame kama bibi aliyechanganyikiwa. Mashine inasema ulichoiambia. Aliyeiambia mara ya mwisho ni nani, na alikuwa anakimbilia gari gani?

Nilipoanza kuezeka nyumba yangu ya kustaafia, nilikwenda Matembwe kutafuta mbao. Nilimkuta Mlowe kwenye shimo lake, mvi zimemjaa, mwenziwe yuko chini. Alishuka, akatia miguu viatuni, akaja mbio kunisalimu. Akawaita wanawe waje wamwone mama aliyemwokoa mguu. Nilivumilia kidogo, kisha nikashindwa.

"Bwana Mlowe, mimi sikukuokoa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu kukukatisha mguu. Niliacha kipimo vibaya kwa sababu ya Kosta." Nikamweleza yote, tangu Jumanne mpaka ile simu ya Bwana Yona.

Alisikiliza akiutazama mguu wake. Watoto wake hawakujua watazame wapi.

"Huyo wa ziwani," akasema mwishowe, "saa zilikuwa zake?"

"Zilikuwa zake."

"Na ukaingia bila hodi?"

"Bila hodi."

Akacheka. Alicheka mpaka mwenziwe akachomoza kichwa shimoni kuuliza kuna nini. "Mama Neema bila hodi! Haya, leo nimesikia." Akafuta macho kwa mkono wenye unga wa mbao, akavua viatu, akapanda juu ya gogo, akaushika msumeno.

Mimi nilisimama pembeni, nikajikuta nahesabu vidole vya mguu wake wa kulia vilivyoshika gome. Vilikuwa vitano. Nikahesabu tena.